Dakika Sita za Fundi Rangi

Hospitalini walimwita Bi Nyaya, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kubandika nyaya kwenye vichwa vya watu na kuangalia jinsi ubongo unavyochora mawimbi yake kwenye kioo cha kompyuta. Wengi waliopelekwa kwake walikuwa wagonjwa wa kifafa. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, kwenye chumba kile kile kilichobanwa kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi, na ukimwambia kwamba ni kazi ya kukalia kiti tu, jiandae kutukanwa kwa adabu.

Haikuwa kazi ya kukalia kiti. Mgonjwa akiingia, Bi Nyaya alimpima kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, kuanzia juu ya pua mpaka kinundu cha kisogoni, kisha sikio hadi sikio, akitia alama kwa penseli nyekundu. Alitenganisha nywele kwa mpini wa kitana, akasugua ngozi kwa dawa yenye mchangamchanga, akabandika vidude ishirini na kimoja, kila kimoja na waya wake. Feni ilizimwa. Simu ziliachwa nje. Birika la umeme la jirani wa stoo lilichomolewa hata kama maji yalikuwa yanakaribia kuchemka, na ugomvi wa birika hilo ulianza zamani, bosi wa stoo akiwa bado ana nywele.

Yote hayo ni kwa sababu mawimbi ya ubongo ni madogo mno. Mtu akikunja uso, akiuma meno au akipepesa macho, misuli yake hupiga kelele kuushinda ubongo, na mistari kwenye kioo hugeuka vichaka. Bi Nyaya aliviita uchafu. Mama aliyemfundisha kazi alikuwa akimchapa vidole kwa rula kila akiacha uchafu kwenye rekodi, kwa hiyo alijifunza mapema: ukiuona, tia alama, kata. Na ukikata, kata mistari yote kuanzia wa juu mpaka wa chini, usianze kuchaguachagua. Madaktari walikuwa wakisema rekodi ya Bi Nyaya ungeweza kulia chakula juu yake, naye akisikia hivyo alijifanya hakusikia, huku shingo ikirefuka.

Mwaka huo akaja daktari mmoja kijana wa mambo ya ubongo, ambaye hakuweza kusema sentensi mbili bila kutaja asilimia, basi wakamwita Daktari Asilimia. Alikuwa na programu ya majaribio. Alitaka kupima maumivu bila kumuuliza anayeumia. Watu sitini wenye afya zao walikaa kwa Bi Nyaya wakiwa wamevaa nyaya, mkono mmoja ndani ya maji ya barafu, wakisema wanaumia kiasi gani, na programu ikajifunza kulinganisha maneno yao na mawimbi yao. Sasa ukiipa mawimbi peke yake ilitoa namba, kati ya sifuri na mia. Daktari huyo alihitaji mawimbi safi, na kwa usafi hakuna aliyemfikia Bi Nyaya.

Nyumbani alipowasimulia mezani, mume wake, mwalimu wa hesabu, aliacha kutafuna ili afikirie. Wifi yake hakufikiria hata kidogo.

"Haya, wifi, niletee mashine hiyo hapa hapa," alisema. "Kila nikisema kichwa kinaniuma mnasema nakimbia vyombo."

"Nikikuvalisha wewe, wifi, mashine itaungua."

"Cheka tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Walicheka wote, na vyombo akaosha mwalimu wa hesabu. Lakini Bi Nyaya alilala akiiwaza ile namba. Maisha yake yote alikuwa amesikia watu wakibishana nani anaumia na nani anadeka, na hakuna aliyewahi kushinda ubishi ule isipokuwa mwenye sauti kubwa. Aliona kwamba hatimaye kazi yake ingemaliza maneno.

Mgonjwa wa kwanza kupimwa ambaye hakuweza kusema alikuwa fundi rangi mmoja wa miaka arobaini na sita. Alianguka kutoka ghorofa ya pili akipaka ukuta wa shule, kichwa kikatangulia. Wiki ya saba ilimkuta wodini macho wazi, hasemi, habani mkono ukimwambia abane. Kulala kule kulimtia kidonda kiunoni, kipana kama kisahani cha chai, kimezama karibu na mfupa. Kila asubuhi kilisafishwa, na kila asubuhi mke wake aligombana na wodi nzima.

"Anaumia," alisema. "Mimi ni mke wake, namjua."

"Mama, uso unaweza kukunjamana wenyewe," daktari mpasuaji alimjibu. "Ubongo umeharibika. Hasikii kitu."

Mpasuaji hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Mapafu ya fundi yalijaa makohozi, na dawa kali ya maumivu hupunguza pumzi. Alishawahi kumpoteza mgonjwa kwa njia hiyo na hakutaka kumpoteza mwingine. Ganzi ya sindano nayo haishiki vizuri kwenye nyama yenye usaha. Na Alhamisi saa tatu asubuhi kidonda kilikuwa kikatwe hasa, nyama yote iliyokufa itolewe kwa kisu. Ukabaki ubishi mmoja tu: fundi akatwe na dawa, au akatwe hivi hivi?

"Basi mashine iamue," alisema mpasuaji, na mke wa fundi akakubali kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Jumatatu Bi Nyaya alisukuma kigari chake mpaka wodini, akambandika fundi vile vidude ishirini na kimoja, akarekodi dakika arobaini. Katikati ya rekodi sista mkuu wa wodi alisafisha kidonda kama kawaida. Bi Nyaya hakutazama kidonda, alitazama kioo. Vichaka vilipoanza alinung'unika tu kimoyomoyo kwamba leo kuna kazi ya kufagia. Mchana alikaa chumbani kwake akafagia kweli kweli, akampelekea Daktari Asilimia rekodi inayong'aa. Jumanne programu ikatoa jibu: kumi na moja. Wale watu sitini walikuwa wakipata kumi na moja kabla hata hawajatia mkono kwenye maji.

Habari aliipeleka mwenyewe. Alimkuta mke wa fundi kwenye benchi la korido, anakunja nguo za mumewe.

"Dada, shukuru Mungu. Hasikii maumivu."

Yule mama aliacha kukunja. "Una hakika?"

"Mashine haina upendeleo, dada. Haimjui yeye, haikujui wewe."

Mke wa fundi akaweka nguo chini, akalia, na kile kilio kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo. Bi Nyaya alirudi chumbani kwake akiwa mwepesi, akajiona mtu wa maana sana.

Alhamisi saa mbili na robo asubuhi alikuwa anajaza fomu ya utafiti, kazi ya kuchosha ambayo huachwa mpaka dakika ya mwisho. Fomu ilitaka saa ya kila tukio. Alichukua karatasi ya sista mkuu: kusafisha kidonda, kuanza saa nne na dakika kumi na mbili, kumaliza saa nne na dakika kumi na nane. Akafungua rekodi yake safi ili ahakikishe. Saa ya pembeni ya kioo ilikwenda vizuri, dakika kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Halafu ikaruka. Baada ya kumi na mbili ikaja kumi na nane.

Akarudisha nyuma, akatazama tena. Ikaruka tena.

Jasho lilimtoka na feni ilikuwa inazunguka. Kila dakika ambayo fundi aliguswa kidonda, yeye aliikata. Uso wa fundi ulikunjamana, misuli ya kipaji cha uso ikachafua mistari ya mbele, na yeye, kwa mkono wake maarufu kwa usafi, akafyeka mistari yote kuanzia juu mpaka chini. Programu ilipewa dakika thelathini na nne za mtu aliyelala anaangalia dari. Ilijibu kweli tupu kwamba mtu huyo haumii.

Akafungua ile rekodi ghafi, yenye uchafu wake wote. Mistari ya mbele ilikuwa vichaka kweli. Lakini ile ya utosini, mbali na misuli ya uso, ilikuwa inasomeka vizuri kabisa. Huko mawimbi ya fundi yalikuwa makubwa na ya uvivu, halafu saa nne na dakika kumi na mbili yakajikunja, yakawa madogo na ya haraka, yakabaki hivyo mpaka dakika ya kumi na nane. Wale sitini wa barafu aliwarekodi yeye mwenyewe. Sura ile aliijua.

Sasa tumseme ukweli Bi Nyaya, kwa kuwa hata yeye hakujificha alipokuja kusimulia. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa la fundi. Lilikuwa la kufunga lile faili. Hakuna aliyekuwa akifungua rekodi ghafi isipokuwa yeye. Jina lake la miaka kumi na tisa lingebaki jina. Tena nani alimhakikishia kwamba anachokiona ni maumivu? Na dawa ikimzuia fundi pumzi kwa sababu yake, je? Alikaa na wazo hilo kama dakika mbili, mikono katikati ya magoti, akijichukia. Kisha akapiga simu.

"Bi Nyaya, nina mkutano saa nne," alisema Daktari Asilimia. "Fupisha."

"Nilikata sehemu ya kidonda. Yote."

"Asilimia ngapi ya rekodi?"

"Kumi na tano. Lakini ndiyo kumi na tano yenyewe tuliyokuwa tunaitafuta."

"Turudie Jumatatu," alisema kijana hatimaye, sauti imepungua.

"Jumatatu atakuwa ameshakatwa. Anakatwa saa tatu."

"Unajua wataniuliza nini kuhusu wale sitini?"

"Na mimi wataniuliza. Njoo na kompyuta yako, daktari. Tafadhali, mwanangu, njoo."

Hakuwahi kumwita mwanangu kabla ya hapo. Saa ukutani ilisema tatu kasoro dakika ishirini na tano. Lifti ilikuwa mbovu, na Bi Nyaya akakisukuma kigari kwenye mteremko wa kupandishia machela, yeye na miaka yake hamsini na moja na magoti yake, huku nyaya zikining'inia na kugonga ukuta. Mhudumu mmoja alimtania kwamba leo nyaya zinamkimbiza mwenyewe. Akampita.

Mapazia ya kitanda cha fundi yalikuwa yamefungwa. Ndani, trei ilikuwa wazi, visu vimepangwa juu ya kitambaa cha kijani, mpasuaji ameshavaa glavu, sista mkuu ameshamlaza fundi ubavu. Mke wake alikuwa ametolewa nje.

"Daktari, usikate," alisema Bi Nyaya, pumzi zikimwishia. "Ile namba ni mbovu. Kosa ni langu."

Akaeleza. Alieleza vibaya, maneno yakigongana, lakini alieleza yote mpaka kwenye kukata mistari kuanzia juu mpaka chini. Sista mkuu aliacha mkono wake begani kwa fundi, akaganda.

"Kwa hiyo unaniambia anaumia," alisema mpasuaji.

"Nakwambia hatukuangalia."

"Si jibu hilo. Nikimpa dawa akaacha kupumua, utamzika wewe?"

Bi Nyaya angeweza kusema ndiyo kwa hasira, lakini hasira isingemsaidia mtu pale. "Sijui, daktari. Nipe dakika kumi nikuoneshe, uamue wewe. Kama hakuna kitu, nitaondoka, na barua ya kujishtaki nitaandika mwenyewe."

Mpasuaji alitazama saa, akatazama trei yake, akatoa sauti ya mtu aliyemeza kitu kichungu. "Kumi. Si kumi na moja."

Hakubandika vyote ishirini na kimoja. Alibandika sita, utosini na pembeni, kwa haraka hivi kwamba kimoja kilianguka mara mbili. Daktari Asilimia aliingia na kompyuta kwapani, shati limechomoka, akachomeka waya bila kutaja asilimia yoyote. Mawimbi ya fundi yakatokea kwenye kioo, makubwa, ya uvivu.

"Sista, mguse bega kwa kitambaa cha maji baridi," alisema Bi Nyaya.

Sista akamgusa. Mawimbi yalicheza kidogo, yakatulia.

"Sasa jifanye unafungua kidonda, ila usikiguse."

Hakuna kilichobadilika. Mpasuaji alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Sasa vuta shashi ya kidonda, kama unavyoivuta kila siku."

Sista akaivuta. Mistari yote sita ikajikunja kwa pamoja, mawimbi yakawa madogo, ya haraka, yamebanana. Kwenye kompyuta ya kijana ilitokea sabini na nne. Sista akaacha. Mawimbi yalichukua karibu dakika nzima kurudi kwenye uvivu wake.

"Rudia," alisema mpasuaji. Sauti haikuwa ile ile.

"Daktari..." sista mkuu alisita.

"Najua, sista. Mara moja tu. Lazima nione mara mbili."

Akarudia. Themanini na moja. Bi Nyaya hakuitazama namba, namba alishazikinai. Alimtazama fundi usoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kipaji kilikuwa kimekunjamana na jicho la kushoto linatoa machozi. Machozi yale yaliandikwa kwenye faili lake tangu wiki ya nne, kwa mkono wa mtu fulani: macho yanachuruzika, apewe matone.

Mpasuaji alivua glavu, akazitupa kwenye ndoo. "Niitieni mtu wa ganzi," alisema. "Tunampa dawa kidogo kidogo, na mtu asimamie pumzi yake tu, asifanye kingine. Bi Nyaya, wewe kaa hapo hapo. Ukiona yanajikunja, sema."

Alikaa pale kwa dakika thelathini na tano. Mara mbili alisema, "Yanajikunja," na mara mbili kisu kikasimama, dawa ikaongezwa tone. Mara moja pumzi ya fundi ilipungua kiasi kwamba mtu wa ganzi alimshika kidevu na kumwita kwa sauti, na watu wanne walisimama wakihesabu kimya kimya, tano, sita, saba, mpaka kifua kikainuka tena. Lakini kidonda kilimalizwa, kikafungwa, na mawimbi ya fundi yalibaki makubwa na ya uvivu kama ya mtu aliyesinzia baada ya kazi. Mpasuaji aliondoka bila kumwangalia mtu yeyote. Sista mkuu alienda kunawa mikono, akanawa muda mrefu.

Bi Nyaya alifungua vidude, akazungusha nyaya kwenye kigari, akazima kioo. Akatoka koridoni. Mke wa fundi alikuwa kwenye benchi lile lile, akainuka alipomwona.

"Amemaliza salama," alisema Bi Nyaya. "Amepewa dawa ya maumivu."

"Dawa ya nini tena? Si ulisema..."

"Nilisema. Nilikosea, dada. Ile namba niliiharibu mimi, kwa mkono wangu. Anasikia maumivu."

Alitegemea kupigwa kofi. Angelipokea, hata angelishukuru. Mke wa fundi hakuinua mkono. Alikuwa anahesabu kitu usoni, taratibu, kama mtu anayerudi nyuma siku moja baada ya nyingine.

"Tangu lini?"

"Sijui. Labda tangu mwanzo."

"Jana sista alikuwa peke yake," alisema yule mama. "Aliniomba nimsaidie. Siku zote nilikuwa nakataa. Jana nikasema haya, kwa kuwa ulisema hasikii. Nilimkalia miguu, dada. Alikuwa anajikaza, nami nikamkandamiza kwa nguvu zangu zote. Nikawa namtania, namwambia fundi tulia, hata rangi haikauki ukitikisika." Akajitazama viganja. "Alikuwa ananiangalia."

Machozi yalimtoka Bi Nyaya, akayaona aibu, kwa sababu haikuwa zamu yake.

"Usinililie mimi," alisema mke wa fundi. Akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu ya mtu aliyezoea kuinua mgonjwa. "Mimi umeniambia. Sasa njoo ukamwambie mwenyewe. Si anasikia?"

Wakaingia. Fundi alikuwa amelazwa ubavu kidogo, mto nyuma ya mgongo ili kidonda kisiguse kitanda, macho yanatazama dari. Mke wake alizunguka upande wa pili, akamgeuza uso taratibu mpaka ukaelekea kwa mgeni, akasimama akisubiri.

Maelfu ya wagonjwa walikuwa wamepita mikononi mwa Bi Nyaya, na hakukumbuka kama aliwahi kuongea na mmoja wao pasipo kutupa jicho kwenye kioo. Aliinama mpaka macho yao yakakutana.

"Fundi," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia kwamba huumii."